Mawingu Yakifunga, Ninaelekea Nunge

Kila ninapopanga kutoka na wageni kuangalia ndege, simu huita usiku wa kuamkia siku yenyewe. "Dada, utabiri unasema kesho mawingu. Tuahirishe?" Huwa nawajibu waje, tena wawahi, tuwe tumeshafika kabla hakujapambazuka vizuri. Mtu aliyezoea kusifia picha za machweo na anga la buluu hanielewi mara moja. Lakini kwa ndege wa Bagamoyo asubuhi iliyofunga ndiyo asubuhi yenyewe, na sababu zake nimezijua kidogokidogo, baadhi kwa kamera na baadhi kwa kukaa na wavuna chumvi.

Riziki yangu inatoka kwenye harusi. Mjini kwetu zipo shughuli ambazo mpigapicha mwanamume haingii, singo na usiku wa hina na kupambwa kwa bibi harusi, na hizo ndizo zinazonilisha. Ndizo zilizonifundisha pia kulikwepa jua kabla sijawahi kumwelekezea ndege lenzi. Bibi harusi akisimama uani saa sita mchana na shela lake jeupe, shela lote linageuka bonge la mwanga. Shanga hazionekani, mikunjo haionekani, na chini ya macho panakaa vivuli viwili vyeusi. Msogeze barazani, kwenye mwanga uliopoa, kila uzi unajitokeza. Wingu ni baraza la ufukwe mzima.

Sasa watazame ndege wa pwani yetu. Yangeyange ni mweupe mwili mzima. Kwarara ni mweupe mwenye kichwa na shingo nyeusi tii. Buabua ni weupe wenye kofia nyeusi. Ndege mla kaa, kipenzi changu kuliko wote, ni mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mweusi mnene. Jua la saa tatu likiwapiga, kamera inalazimika kuchagua: ishike weusi na kuuunguza weupe, au ishike weupe na kuuzamisha weusi gizani. Wingu linalipunguza pengo hilo. Unyoya unatengana na mwenzake, jicho jeusi linaonekana ndani ya kichwa cheusi, na huna haja ya kuhangaika jua liko upande gani. Unaweza kumzunguka ndege, ukampiga picha kutoka popote atakapokuruhusu.

Kuna faida nyingine ambayo wageni hawaitegemei. Nunge, kwenye mashamba ya chumvi ninakopigia picha, ni nyeupe chini na tambarare. Siku ya jua, ikifika saa tatu tu ardhi imeshachemka, na hewa iliyo juu yake inaanza kucheza. Mazigazi yanatanda. Ndege aliye mbali anatetemeka ndani ya lenzi kama yumo majini, na hakuna lenzi duniani, hata ya mamilioni, inayoweza kumnyoosha. Siku ya mawingu hewa inatulia. Nimepiga picha kali kabisa hadi saa tano asubuhi, saa ambayo siku ya jua ningekuwa nimesharudi nyumbani.

Nunge ipo kaskazini ya mji, kwenye mashamba ya chumvi, na ukizidi kwenda mbele unaingia kwenye mikoko ya mdomo wa mto Ruvu. Watu wengi wa mjini wanaijua kwa chumvi tu. Maji ya bahari huingizwa kwa milango wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yakapita bwawa hadi bwawa, jua na upepo vikiyapunguza, mpaka bwawa la mwisho ambako yanaganda chumvi. Ukifahamu safari hiyo ya maji utajua pa kumtafuta kila ndege. Mabwawa ya mwanzo yana samaki wadogo, basi huko utakuta yangeyange, mnandi na mdiria. Mabwawa ya kati maji yake yamekuwa makali kiasi kwamba samaki hawakai, ila yanajaa vidudu vidogo jamii ya kamba na mabuu ya nzi. Huko ndiko kwenye karamu ya vitwitwi wa kila aina, na wakati mwingine heroe, yaani flamingo, kichwa wamekipindua juu chini wanachuja. Bwawa la mwisho halina kitu cha kumvutia ndege mwenye njaa, lakini tuta lake pana na kavu ni mahali pazuri pa kulala.

Heroe nitawapita haraka. Ni wazuri, na ndio wanaowaleta wengi, ila mtu akishawaona hao hufunga begi lake akaondoka, akawaacha nyuma ndege wasafiri walio na kisa kikubwa kuliko wao.

Jambo ambalo hakuna kitabu cha kamera kilichoniambia ni kuwa ndege hawa hawafuati saa, wanafuata maji. Bahari ikipwa wanatawanyika kwenye tope na mchanga, mbali sana, kila mmoja anatafuta chake. Bahari ikijaa, tope linafunikwa na wao wanakosa pa kusimama, ndipo wanapokuja kwenye matuta ya chumvi kulala. Wakati wa bamvua tofauti ya maji yaliyopwa na yaliyojaa pwani kwetu inapita mita 3, kwa hiyo ufukwe mpana uliokuwa meza yao unapotea wote. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, si hivyo. Sehemu ya tope inabaki wazi siku nzima, ndege hawalazimiki kuja, na unaweza kukaa Nunge ukarudi na picha za matuta matupu.

Wavuvi wanaijua hesabu hii kwa vidole. Siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa kwetu kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu dakika 50. Basi nahesabu siku tatu tangu mwezi mpevu, nikapata siku ambayo maji yamejaa kuelekea saa moja asubuhi na bado yana nguvu za bamvua. Siku hiyo ndege wote wako kwenye matuta kunapopambazuka. Ikikutana na wingu, Alhamdulillah. Nikiwa na harusi siku hiyo roho inaniuma, lakini kazi ni kazi.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Aprili, masika yakinyemelea. Usiku kulikuwa na radi mbali, upande wa Zanzibar, na alfajiri anga lilikuwa limeshuka, rangi moja ya kijivu kutoka baharini hadi barani. Bajaji ilinishusha kwenye kizuizi, nikatembea sehemu iliyobaki nikiwa na mabuti ya mpira, kamera ndani ya mfuko wa plastiki. Wavuna chumvi walikuwa wameshaanza kazi. Yupo mzee pale aliyeingia kwenye chumvi akiwa kijana mdogo, na mimi kila nikifika namwamkia kwanza yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo umewapata. Wamelala tuta la nyuma, wengi. Ila usipite upande wa mikoko, utawainua."

"Nipite wapi?"

"Pita huku tunakopita sisi na magunia. Sisi wametuzoea."

Sentensi hiyo imenipa picha nyingi kuliko lenzi yangu. Ndege wa Nunge wamekaa na watu miaka yote. Mtu anayepita njia ileile, mwendo uleule, ameinama na koleo au anasukuma toroli, kwao ni sehemu ya shamba. Anayewatisha ni yule anayetoka pembeni, anayekuja moja kwa moja akiwakodolea macho, anayesimama ghafla. Kwa hiyo natembea na wavunaji. Wakisimama nasimama, wakikaa kunywa chai nakaa. Nikifika umbali unaotosha nateremka nyuma ya tuta, naketi chini kabisa, kamera juu ya magoti, lenzi ikiwa karibu sawa na uso wa maji. Ndege akipigwa picha kutoka juu anaonekana kama kitu kilichodondoka. Ukimpiga ukiwa usawa wake, unaiona dunia yake: maji mbele, maji nyuma, na yeye katikati.

Pale kwenye tuta walikuwa wamesimama kwa matabaka. Nyuma sululu, warefu, rangi ya majani makavu, midomo yao mirefu iliyopinda wameificha mgongoni. Katikati ndege wala kaa wamejipanga, weupe wao umetulia kabisa chini ya lile anga. Mbele, karibu na maji, vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, mamia yao, mguu mmoja juu. Na wale wadogo walikuwa wamebadilika. Ndege ambao tangu Septemba walikuwa kijivu na weupe, wasiomvutia mtu, sasa walikuwa na rangi ya matofali ya kuchoma, kuanzia usoni hadi tumboni. Wengine walikuwa wamekamilika, wengine wana mabaka, nusu kijivu nusu wekundu. Kitwitwi mkubwa wa kijivu naye alikuwa ameanza kuvaa tumbo jeusi.

Rangi ile ya matofali ni ngumu kuipata siku ya jua. Jua la asubuhi lenyewe lina unjano, linaipaka kila kitu dhahabu, huwezi kujua wekundu wa ndege unaishia wapi na wa jua unaanzia wapi. Chini ya wingu rangi ilikuwa yake mwenyewe. Nilitazama kwa darubini kwa muda mrefu kabla ya kugusa kamera, na hiyo ni tabia niliyoikuza pale Nunge: kwanza nijue nani amelala, nani anakula, nani ana wasiwasi, halafu ndipo nichague wa kumsubiri.

Kwa wanaopenda kujua mipangilio, nitaieleza kwa sababu mwanga wa wingu una mitego yake. Anga la kijivu linaonekana hafifu kwa macho, lakini kwa kamera ni kubwa na jeupe. Ndege akiruka mbele yake, kamera inadhani kuna mwanga wa kupindukia, inapunguza, na ndege anatoka kivuli cheusi. Hapo naongeza mwangaza kwa hatua moja au zaidi kidogo. Yangeyange akipita mbele ya mikoko mambo yanageuka: kamera inaona giza la majani, inaongeza, na ndege anaungua. Hapo napunguza. Kwenye chumvi yenyewe, iliyo nyeupe kila upande, naongeza tena. Nafanya hivyo kwa kidole gumba bila kuondoa jicho, na jioni kabla ya kulala huwa nafanya mazoezi na kuku wa jirani, mweupe na mweusi.

Kasi ya shata siishushi chini ya 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayekimbia ukingoni mwa maji, na kwa anayeruka naipandisha hadi 1/2000. Tundu la lenzi naliacha wazi kadiri linavyokubali, ambalo kwa lenzi yangu ya mtumba ni f/6.3. Kinachobaki ni ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, nayo naiacha ipande hadi 1600, hata 3200. Vijana wengi wanaiogopa kwa sababu ya chenga. Mimi nawaambia chenga zinasafishika kwenye kompyuta, lakini ndege aliyetikisika hasafishiki. Halafu kuna jicho. Siku ya jua jicho lina nukta ya mwanga inayolipa uhai. Siku ya mawingu nukta hiyo inakuwa hafifu, inatokea tu ndege akigeuza uso juu kidogo kuelekea anga. Basi unasubiri ageuke. Kwenye kundi la ndege waliolala unaweza kusubiri dakika nyingi, na mikono inachoka, na tope linaingia kila mahali.

Yule ndege mla kaa anahitaji maneno yake. Hana ndugu wa karibu. Katika mpangilio wa wanasayansi amewekwa peke yake katika familia yake. Katika jamii yote ya ndege wa ufukweni ndiye anayechimba shimo mchangani na kutaga ndani yake, kwa kawaida yai moja tu, jeupe. Mashimo hayo hayako kwetu. Yako kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani za Arabuni. Huku anakuja kula tu, na kaa wetu ni wanono. Miezi ya kaskazi utamwona kinda, kijivu mgongoni, amekua mwili kama mzazi lakini bado anamfuata nyuma akipiga filimbi, na mzazi anampasulia kaa. Amevuka bahari, na bado analishwa. Wazee wa Bagamoyo wanayakumbuka majahazi ya Waarabu yaliyoshuka na kaskazi na kurudi kwao na kusi. Ndege huyu anarudi upande huohuo, na anaondoka Aprili, kusi linapoanza kushika. Nikimwona kwenye tuta najisikia natazama jambo la kale la pwani hii ambalo bado linaendelea.

Mzee alikuja akakaa karibu nami, na chupa yake ya chai ya rangi na vitumbua kwenye mfuko. Nikampa darubini. Alitazama, akatabasamu.

"Hawa wakishavaa wekundu hawakai. Wiki mbili, umewakosa. Hivi wanakwenda wapi?"

"Siberia, baba. Urusi, juu kabisa, ambako barafu inayeyuka mwezi wa sita. Kama kilomita 9,000 kutoka hapa."

"Huyu? Mdogo hivi?"

"Huyuhuyu. Uzito wake gramu 60 hivi, akishanenepa kwa safari anaongezeka. Anakula siku na usiku maji yakipwa, ili abebe mafuta ya njiani."

Hakusema kitu kwa muda. Kijana mmoja alikuwa anakuja na toroli juu ya tuta lile, gurudumu linalia. Mzee akanyanyuka, akampungia mkono. "Wewe, zunguka na toroli lako! Hapo kuna wasafiri."

Yule kijana alizunguka. Ndege hawakuinuka.

Nimekuwa nikilifikiria tukio hilo kila ninapowaona wapigapicha wanaotaka picha ya kundi zima likiruka. Picha hiyo inapendwa, na njia rahisi ya kuipata ni kukimbilia ndege, au kutupa kitu. Nimeshuhudia kundi likiinuliwa mara baada ya mara, maji yamejaa, hakuna pa kutua, wanazunguka juu ya bahari mpaka wakachoka. Mafuta yaliyochomwa hapo ni mafuta ya safari. Ndege wa gramu 60 hana akiba ya kuchezea, na Aprili hana siku za kuirudisha. Siwezi kuwavumilia watu wanaofanya hivyo, na nikiwa na wageni nawaambia tangu kwenye gari: ndege wakiinuka kwa sababu yetu, tunarudi nyuma. Kundi huruka lenyewe. Kozi, ndege mwindaji, akipita juu, au maji yakianza kupwa na tope kuchungulia, wote wataondoka kwa pamoja bila wewe kunyanyua kidole. Ukijua saa ya maji utaijua na dakika ya kushika kamera.

Kabla ya kuruka wanakuambia. Anayekula anaacha kula. Aliyelala anatoa mdomo mgongoni. Shingo zinanyooka, wanatikisa vichwa juu chini, wanasogeleana. Ukiona hivyo simama hapohapo ulipo, angalia pembeni, usiwakodolee. Mara nyingi wanarudi kulala.

Wanasayansi wa zamani walikuwa na njia nyingine ya kumtazama ndege. Mji huu ulimpokea Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana Sudan ya kusini, mwezi Desemba 1889, alipotoka bara pamoja na mvumbuzi Stanley. Alikuwa mtu wa ndege kwelikweli, akiwakusanya na kuwapeleka kwenye makumbusho ya Ulaya, na macho yake yalikuwa mabovu sana. Usiku wa karamu ya kumkaribisha alianguka kutoka dirishani ghorofani, akavunjika fuvu, akalazwa hapahapa Bagamoyo. Wakati wake, kumjua ndege vizuri kulitaka bunduki, kumchuna na kumjaza pamba. Mimi namjua kwa kumwacha alale, na usiku namkuza kwenye kioo cha kompyuta mpaka namwona chawa kwenye unyoya.

Manyunyu yalianza saa tatu hivi. Nilifunika kamera, na hapo ndipo nilipoona upande wa pili wa wingu langu. Wavunaji wote walianza kukimbia. Chumvi iliyoganda bwawani, kazi ya jua la siku nyingi, mvua ya nusu saa inaiyeyusha ikarudi kuwa maji. Wanawake kwa wanaume walikuwa wanaikwangua na kuirundika, wengine wanavuta maturubai juu ya marundo, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza. Nikaweka begi chini nikashika pembe ya turubai.

Baadaye mzee aliniambia, bila ubaya, "Mwanangu, wewe unaomba wingu, sisi tunaomba jua. Mungu amsikilize nani?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Ninachojua ni kwamba yale mabwawa yapo kwa sababu yao. Matuta yanabomolewa na maji kila bamvua, na wao wanayajenga tena kwa koleo. Milango ya maji inaoza, wanaifunga upya. Wakiacha kazi kwa kukosa faida, maji hayatakaa bwawani, vidudu vya katikati vitakwisha, matuta ya kulala yataota magugu au yatameguka, na ndege watakuja Septemba wakute hakuna kitu. Watu wanaozungumzia kuhifadhi ndege wa pwani huzungumza juu ya mikoko, na ni kweli, mikoko inakatwa kwa nguzo na mkaa na lazima ilindwe. Lakini bei ya gunia la chumvi nayo ni habari ya ndege. Tangu siku ile mimi nanunua chumvi yangu palepale, na wageni wangu wote wanaondoka na mfuko.

Chumvi ina adabu yake kwa kamera pia. Nikifika nyumbani nafuta kila kitu, lenzi, mwili wa kamera na miguu ya stendi, kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba na kukamuliwa, ndipo nakausha. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unasugua punje za chumvi kwenye kioo. Mabuti na stendi navisuuza kabisa. Usipofanya hivyo, skrubu zinaota kutu kabla masika hayajaisha.

Kitu kinachonikera katika picha za mjini ni kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, akavuka hadi kwetu. Sokoni wanapouza samaki anatawala, anakula mayai na makinda ya wengine, na siku hizi namwona akifika hadi kwenye matuta. Chozi na tetere waliokuwa wakizalia kwenye miti ya uani kwetu siwaoni kama zamani. Hilo linahitaji maandishi yake.

Picha za asubuhi ile nilizichapisha kwa ukubwa wa karatasi ya A4, nikazipeleka Nunge baada ya Idi. Wavunaji walizibandika kwenye ukuta wa stoo. Kitwitwi mwekundu ndiye aliyegombewa, kila mtu alitaka kusema yeye alimwona wapi. Walipojua kuwa kila mwaka, mwezi Januari, ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi kwa pamoja, na kwamba Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, yule kijana wa toroli aliuliza kwa nini wao wanaowaona kila siku wasihesabu kila siku. Swali la haki kabisa. Nikanunua daftari la kaunta, tukapiga mistari: tarehe, maji yakoje, wingu au jua, aina, wangapi, bwawa gani. Aina wanazoandika kwa majina yao, na mimi nikija napitia nao, tukitazama picha ukutani tukubaliane nani ni nani. Sasa hivi nikitaka kujua kama wasafiri wamefika, sihitaji kukisia, napigiwa simu. Daftari limefungwa kwa kamba ya katani karibu na mlango wa stoo. Ukifika Nunge waamkie wenyeji kwanza, omba ruhusa ya kupita, fuata njia ya magunia, na ukitoka andika ulichokiona.